Mgeni na yeye ashike udongo

(Maneno yaliyosomwa na kamati ya kazi za mikono mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka, teritwari ya Fizi. Tumeyaweka hapa karibu namna yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Tunawashukuru wale waliotoka Mboko na Sebele asubuhi na mapema, na zaidi wale wa Kazimia ambao wamelala njiani. Hatutawachosha. Lakini jambo lenyewe liko na mafundo, na tumeona heri tuyafungue hapa mbele yenu wote kuliko kuyafungulia ndani ya biro.

Mkutano uliopita uliacha swali mezani: chama kiingie katika mambo ya utalii, ao kisiingie? Mnakumbuka watu walicheka. Baba mmoja, na leo yuko hapa, alisema: "Watalii gani tena? Barabara inatushinda siye wenyewe wenye inchi, muzungu wa kutembea-tembea atapita wapi?" Alisema kweli. Sisi hatuko na gorila wa kuonyesha mtu. Wale wa Itombwe wako juu kabisa, na wao wenyewe hawapendi kuonekana. Volkano iko Goma. Na usalama wetu mnaujua: kuna mwezi unalala mlango wazi, kuna mwezi unalala na viatu miguuni. Mtu akiwaambia kwamba mwaka kesho watalii watajaa Baraka, mwombeeni.

Kwa hiyo kamati iliweka neno "watalii" pembeni kwanza, ikaanza kuhesabu wageni. Wageni wako. Wafanyakazi wa mashirika wanakaa hapa wiki na wiki, na siku ya posho hawana la kufanya, wanatembea tu kando ya ziwa. Kwaya zinakuja kwenye mikutano ya makanisa. Wachuuzi wanavuka kutoka Kigoma. Na kuna wageni wa namna mpya, watoto wetu wenyewe. Wale waliochukuliwa kutoka kambini kwenda Marekani, Kanada na Australia wamekuwa watu wazima, na sasa wanarudi kumsalimia bibi. Wengine wamezaliwa Nyarugusu, Baraka wameisikia kwa masikio tu.

Hao wote wanafanya nini wakifika? Wanalala, wanakula mikeke ya kuchoma, wanapiga picha ya jua likizama nyuma ya milima, wanaondoka. Feza yao inafika kwa mwenye nyumba ya kulala wageni na kwa mama wa samaki, inaishia pale. Na sisi tulio na kazi mikononi, wasuka vitunga, wakamua mawese, wafinyanzi, wachonga mitumbwi, mgeni anatupita kama mti wa kando ya barabara.

Hili si jambo la leo. Mwaka 1858 Burton na Speke walivuka kutoka Ujiji wakapita hapa hapa kwa mitumbwi. Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Kisiwa! Kila mtoto wa mvuvi anajua kwamba Ubwari unaweza kwenda kwa miguu yako. Ghuba yetu kwenye ramani inaitwa kwa jina lake mpaka leo, lakini mgeni anayepita bila kukaa na watu ndivyo anavyoandika.

Sasa tuje kwenye habari ya mama wa vyungu. Jina lake hatulisemi, ameomba hivyo. Wengi mnamjua. Yeye si mrudi kama sisi. Yeye hakuvuka ziwa hata siku moja. Wakati sisi tulipokuwa Lugufu na Nyarugusu tunapanga mstari wa unga, yeye alikuwa akijificha milimani na watoto, akishuka, akipanda tena. Kazi ya vyungu aliifundishwa na mama yake, na hakuiacha.

Miaka michache iliyopita walikuja wageni wa shirika moja. Wakamkuta anafinyanga, wakafurahi sana, wakapiga picha nyingi, wakamwambia ainue chungu, akiweke chini, akiinue tena. Walipoondoka walimwachia sabuni mbili. Baadaye alienda kwenye biro fulani kuulizia kadi ya mtoto, akainua macho akaona ukutani kalenda, na ndani ya kalenda ni yeye na chungu chake. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Hii kalenda, wanaiuzaga?" Hakuna aliyemjibu.

Tunaileta habari hii kwa sababu ndiyo iliyotufanya kujaribu kitu kingine. Walipofika wasichana wawili kutoka Marekani, wajukuu wa mwanachama wetu mmoja, wakauliza kuna nini cha kuona hapa, tuliwaambia: cha kuona ni kidogo, lakini cha kufanya kipo. Tukawapeleka kwa mama yule siku nzima.

Asubuhi waliteremka naye kwenye kinamasi kuchimba udongo. Si kila udongo unafaa. Aliwaonyesha namna ya kuukata, kuunusa, kuuvunja kati ya vidole. Waliubeba kichwani, na mmoja aliuangusha. Kisha kuutwanga na kutoa vijiwe, kimoja kimoja, maana kijiwe kimoja kikibaki, chungu kinapasuka motoni. Kisha kusaga vigae vya chungu cha zamani kilichovunjika na kuvichanganya na udongo mpya, ili usipasuke ukikauka. Hapo wale wasichana walinyamaza kidogo, kwa sababu hawakuwa wamewaza kwamba chungu kipya ndani yake kuna chungu cha zamani. Mchana wakala kwa jirani, sombe na ugali na ndagala. Alasiri wakaanza kuviringisha udongo na kuupandisha duara juu ya duara. Cha mmoja kilianguka mara tatu. Cha mwingine kilisimama, lakini kimeinama upande kama mzee aliyekunywa kasiksi.

Jambo la kazi ambalo wengi hawalijui: chungu cha leo hakichomwi leo. Kinakaa kivulini siku nyingi kwanza. Mama alikuwa na akili ya hilo, aliweka vyake vilivyokauka tangu zamani, na jioni wakavichoma pamoja kwa majani na kuni, wakala moshi mpaka macho yakawa mekundu. Vile vya wasichana vilibaki kukauka, na bibi yao ndiye aliyekwenda kuvichukua baadaye. Kimoja kilipasuka. Kile kilichoinama kimepona, kiko nyumbani kwa bibi na kinashika maharagwe.

Na hili sikilizeni vizuri. Asubuhi, mmoja wa wale wasichana aliuliza bei ya chungu kikubwa, akaambiwa, akasema ni ghali, akataka kipunguzwe nusu. Jioni, na mikono yake imekauka udongo mpaka kwenye kiwiko, alikinunua kwa bei ile ile ya asubuhi na hakufungua kinywa.

Baadaye tulipoeleza jambo hili kwa rafiki mmoja mwenye kusoma vitabu vya mambo hayo, alituambia kwamba sisi si wa kwanza kuliona. Ulaya, katika miaka ya mwisho ya 1990, kulikuwa na mradi wa kusaidia wasuka nguo wa vijijini Finland, Ureno na Ugiriki wauze kazi yao kwa watalii. Shida ilikuwa ile ile: nguo ya mkono ni ghali kuliko ya kiwanda, mgeni anaitazama, anaiacha. Wakaona kwamba mgeni akikaa na fundi, akaona saa zinavyokwenda, akajaribu mwenyewe, bei anaielewa bila kuhubiriwa. Kutoka hapo mtu mmoja wa mradi ule, Greg Richards, pamoja na Crispin Raymond, waliandika mwaka 2000 juu ya kitu walichokiita utalii wa ubunifu. Maana yake ni hiyo tu: mgeni haji kutazama, anakuja kujifunza kufanya kitu ambacho ni cha mahali pale, kwa mtu wa mahali pale. Hakuna haja ya gorila. Hakuna haja ya jumba kubwa la starehe. Kunahitajika mtu anayejua kazi, na mgeni mwenye siku moja.

Hata inchi yetu imo katika mambo haya. Lubumbashi iliingia mwaka 2015 katika mtandao wa miji ya ubunifu wa UNESCO kwa ajili ya kazi zake za mikono, na Kinshasa mwaka ule ule kwa muziki. Fizi haimo na hatuombi iingie. Tunasema tu kwamba kazi ya mikono imepata heshima kwenye meza za wakubwa, na sisi tusiwe wa mwisho kuiheshimu.

Sasa tufike kwenye aibu yetu, maana iko aibu, na ni ya sisi kamati.

Wasichana wale walilipa dolari 20 kwa siku ile, mbali na vyungu walivyonunua. Unajua mama wa vyungu alipata ngapi? Alipata 5. Motari alichukua yake, jirani aliyepika alichukua yake, kijana aliyewasindikiza na kutafsiri alichukua yake, na iliyobaki, dolari 8, tuliitia katika sanduku la chama, tukaandika vizuri kwenye kitabu, tukapiga muhuri. Tulijiona tumefanya kazi safi. Mama hakusema kitu. Mwanawe ndiye aliyekuja biro, akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Alisema: "Mama yangu amechimba, ametwanga, amechoma, jua limempiga siku nzima. Nyinyi mulikaa juu ya kiti. Namna gani nyinyi mukule nane na yeye tano?"

Tulijaribu kueleza habari ya sanduku, mchango, gharama za chama. Wakati tunaeleza tulisikia sauti yetu wenyewe, ikafanana na sauti ya wale watu wa kalenda. Tulimrudishia feza. Lakini feza kurudi ni kitu kimoja, na kujua kwamba sisi tuliokimbia, tuliopigiwa picha kambini mara ngapi, tuliohesabiwa kama mbuzi, na sisi tukipata kiti kidogo tunafanya vile vile, hicho ni kitu kingine. Hatujakisahau.

Ndiyo maana pendekezo la kwanza la kamati ni hili. Katika kila dolari 10 ambayo mgeni analipa kujifunza, 6 ni ya fundi, inalipwa siku ile ile, mkononi mwake, mbele ya mgeni. Dolari 2 ni ya mpishi, 1 ya msindikizaji, 1 ya sanduku. Motari mgeni anamlipa mwenyewe. Bei anaipanga fundi, si kamati. Fundi akisema leo sitaki wageni, niko na msiba, niko na shamba, ao sitaki tu, basi imekwisha, hakuna barua ya kujieleza.

Kuna wanachama waliotuuliza: na watoto wetu wanaotoka Marekani, na wao walipe? "Mjukuu alipe kujifunza chungu cha kwao?" Tumebishana sana juu ya hilo, na hatujifanyi kwamba wote tumekubaliana. Wengi wetu tunasema alipe. Akijifunza kwa bibi yake, halipi, hilo ni la nyumba. Lakini mama wa vyungu si bibi yake. Siku ya mama yule ni siku. Akiitoa bure kwa kila mjukuu wa Baraka, hatapata siku ya kulima.

Tulikwenda pia kuangalia wengine wanafanya namna gani. Hapo Rwanda, mwaka 2005 serikali ilianza kutenga asilimia 5 ya mapato ya mbuga kwa wakaaji wa pembeni, na mwaka 2017 ikapandisha ikawa 10, wakati ule ule bei ya kuona gorila ilipotoka dolari 750 ikafika 1,500. Feza hiyo inajenga madarasa, inaleta maji, na hatuwezi kuidharau, sisi tungeipenda. Lakini tazameni: pale mkaaji anapokea sehemu ya kitu ambacho wengine wanakiuza. Anangoja asilimia yake. Kwetu tunataka mwenye kitu akiuze mwenyewe, na chama ndicho kingoje asilimia.

Karibu zaidi na sisi kuna Itombwe. Mwaka 2006 ilifanywa hifadhi kwa karatasi ya waziri. Watu waliokuwa wakilima, wakiwinda na kuzika wafu wao mule walipata habari nyuma ya karatasi. Ikahitaji miaka karibu kumi ya kukaa na vijiji, kuchora ramani pamoja na wazee, mto kwa mto, kilima kwa kilima, mpaka mipaka ikatengenezwa upya mwaka 2016. Kazi ya miaka kumi kurekebisha karatasi ya siku moja. Wenye kutuletea miradi tayari imeandikwa, wakituomba tu tutie sahihi kwamba "jamii imeshirikishwa", tuwakumbushe hilo kwa upole.

Na Tanzania, ambako tulikaa miaka mingi, kuna mji mdogo unaoitwa Mto wa Mbu, chini ya bonde, karibu na Ziwa Manyara. Wengi wetu hatukuuona, maana mnakumbuka sheria ya kambi: kupita kilomita 4 bila kibali ni kosa. Pale, tangu miaka ya 1990, watu wamejipanga kupokea wageni wanaopita kwenda kuangalia tembo. Wanawatembeza kwa miguu na kwa baiskeli ndani ya migomba, wanawaonyesha mpunga, pombe ya ndizi, uchongaji, na wamama wanawapikia. Tulichopenda sisi si pombe ya ndizi, ijapokuwa tuko na watu hapa wangeipenda. Tulichopenda ni kwamba mchongaji ni Mmakonde kutoka kusini kabisa, mpika pombe ni Mchaga wa Kilimanjaro, na mwenye migomba ametoka kwingine. Mji ule umejaa watu waliohamia. Hakuna anayemwambia mwenzake, "wewe ulikuja lini?" Mgeni anapelekwa kwa yule anayejua kazi.

Tutarudi hapo. Kwanza tuwaambie marafiki wetu wafadhili maneno mawili, na tunajua mnatupenda, mtayapokea.

Mmoja wenu alitupa wazo la kujenga kijiji cha utamaduni: nyumba za majani, ngoma, wamama wamevaa ngozi, mlango wa kulipia. Mchoro ulikuwa mzuri. Tunaomba msamaha, hatuutaki. Mama wa vyungu hakai katika nyumba ya majani, anakaa chini ya mabati yanayovuja, anavaa kikwembe, na simu anayo. Akivaa ngozi ili mgeni afurahi, atakuwa anaigiza, na siku mradi utakapokwisha nyumba zile zitaliwa na mchwa. Mnayo nia, tunaiona. Mtusaidie kivuli chenye paa zima pale kwake, maana wakati wa mvua udongo haukauki na kazi inasimama. Choo cha heshima pembeni. Kitabu cha kuandika wageni na malipo. Na majaketi ya kuelea.

Majaketi, kwa sababu kuna vijana wanataka kupeleka wageni usiku kuvua ndagala. Ni kitu kizuri kweli, taa zinawaka juu ya maji mpaka unafikiri ni mji mwingine umesimama katikati ya ziwa. Wavuvi watamfundisha mgeni kwa nini mwezi ukiwa mkubwa hakuna kwenda, na namna ya kuvuta wavu kwa kipimo cha mwimbaji. Lakini ziwa hili liko na kina cha mita zaidi ya 1,400, na sisi wenyewe tumezika watu wa mitumbwi. Mpaka kila mmoja ndani ya mtumbwi, mvuvi na mgeni, awe na jaketi, kamati inakataa. Si mgeni peke yake. Tusinunue majaketi mawili ya wageni na kuwaacha wavuvi wanne kifua wazi.

Neno la pili ni gumu zaidi. Mwanachama mwenzetu alipendekeza tujenge hema kama la kambi, tuonyeshe wageni namna tulivyoishi, kadi ya chakula, jeri-kani, mstari. Alisema: "Hiyo ndiyo kazi tunaijua kuliko zote." Watu walicheka, halafu hawakucheka. Tunamheshimu, na historia ile ni yetu. Meli ya Mwongozo iliyotuleta tangu 2005, kila mtu hapa anaweza kusema alisimama upande gani alipoona milima ya kwao. Mwenye kupenda kusimulia, asimulie, kwenye meza yake, kwa mtu anayempenda. Lakini tukiiweka bei, tutajifunza kuisimulia kwa namna inayolipa, na watoto wetu wataisikia kwa namna hiyo. Kambini tulijifunza na mambo mengine: ushonaji, nyimbo za kwaya za sauti nne, bustani za nyuma ya nyumba. Hayo tuyafundishe.

Vile vile mambo ya Bwami na sanamu zake. Sanamu za Wabembe ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, hatukuulizwa zilipoondoka. Kijana anayechonga leo kijiko, kiti, ao mtumbwi mdogo wa mtoto, afundishe mgeni. Yaliyo ya wazee, wazee ndio watakaosema, na kama wakisema hapana, kamati haitawauliza mara ya pili. Na habari ya Che Guevara na vita vya 1965 kule Kibamba, kuna wazee wachache wanaoikumbuka kwa macho yao. Mgeni anayetaka kupelekwa huko alipe mzee kwanza, mwenye gari baadaye.

Kwa mawese tumeshaanza mazungumzo na wenye mingazi wa Lweba. Siku moja inatosha kuchemsha ngazi, kuzitwanga na kuengua mafuta, kama mikungu imekatwa siku chache mbele ili ngazi ziachie. Wamama wa Lweba wanasema hawaogopi wageni, wanaogopa wageni wasiotaka kubeba kuni.

Sasa jambo la kura. Kitabu cha sheria zetu, kifungu cha wanachama, kinasema faida ya miradi ya chama ni ya wanachama, na mwanachama ni mtu aliyerudi kutoka ukimbizini. Tuliiandika hivyo wakati tulipokuwa hatuna kitu, mashamba yetu yamekaliwa, tunaitwa "Watanzania" sokoni. Ilikuwa na sababu yake. Lakini kwa sheria hiyo, mama wa vyungu hawezi kuwa fundi wa mradi huu. Yeye alibaki. Na ukiondoa yeye, sisi warudi wote tuliokaa hapa hakuna hata mmoja anayejua kupika udongo usipasuke. Tumeuliza nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo tuliiacha hapa tulipokimbia, na waliobaki ndio walioishika.

Tunajua mnavyowaza wengine. Mnasema: sisi tutafute wageni, sisi tuombe wafadhili, halafu feza iende kwa mtu ambaye labda ndugu yake analima shamba la baba yangu. Hatusemi kwamba mambo ya mashamba yamekwisha. Yana baraza lake, yaende huko. Hapa tunauliza kitu kidogo: fundi alipwe kwa sababu ni fundi, awe mrudi, awe aliyebaki, awe Mtwa, awe mtu aliyekuja juzi. Sita kwa kumi, sawasawa.

Tumeweka meza mbili karibu na mlango. Juu ya moja kuna sanduku la kura. Juu ya nyingine kuna kitabu kipya, kurasa bado nyeupe. Mwanachama anayejua kazi na anataka kufundisha, aandike jina lake, kazi yake, na siku anazoweza. Kamati imeongeza sharti moja tu: chini ya jina lako andika jina la jirani mmoja ambaye hakuvuka ziwa, na kazi anayoijua yeye. Kama humjui hata mmoja, rudi nyumbani kwanza ukaulize, kitabu kitakungoja. Mama wa vyungu tumemwalika leo. Amekaa kule nyuma, karibu na dirisha. Ameleta vyungu vinne, na bei yake anaijua mwenyewe.